Mapacha kwa mshahara wa Sh 180,000: kisa cha kaya moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania, na mahali msaada ulipopatikana

Kisa hiki nimekiandika kwa maafisa ustawi wa jamii wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa familia yoyote iliyotoka kwenye ultrasaundi ikiwa na furaha na hofu kwa pamoja. Majina, mji, mwajiri na hospitali vimeondolewa. Wahusika wameridhia kisa chao kitumike kufundishia.

## Kaya yenyewe

Mama alikuwa na miaka 27 na mimba ya tatu. Watoto wake wawili walikuwa na miaka minane na minne. Alikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye kampuni inayochukua zabuni za kufanya usafi maofisini, kwa mshahara wa Sh 180,000 kwa mwezi, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ikikatwa, na mkataba wa mwaka mmoja mmoja ambao ulikuwa umeshahuishwa mara moja. Mumewe aliendesha bodaboda ya mtu. Kila jioni tajiri, yaani mwenye pikipiki, alipokea hesabu ya Sh 10,000. Baada ya mafuta, siku nzuri baba alibaki na kama Sh 8,000, na siku ya mvua alidaiwa. Walipanga chumba na sebule kwa Sh 50,000 kwa mwezi. Hawakuwa na bima ya afya wala hawakuwa walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Mama alikuwa mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha wanawake wa mtaani kwao, na kikoba hicho kitarudi mbele ya maelezo.

Alianza kliniki mapema, wiki ya 12. Ziara ya pili, mkunga aliona tumbo limezidi umri wa mimba akamwandikia ultrasaundi. Kituo hakikuwa na mashine, na kwa mtu binafsi kipimo kilikuwa Sh 25,000. Mama aliahirisha hadi mwisho wa mwezi, kisha akaahirisha tena. Alipopimwa alikuwa wiki ya 21. Watoto walikuwa wawili, wote wazima.

## Mkopo uliotangulia kila kitu

Kabla hawajazungumza na yeyote, baba alikwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa. Alifanya hivyo kwa upendo, na hilo liandikwe wazi, maana wanaume wengi wakisikia mapacha jambo la kwanza kuwajia ni kwamba hawajajiandaa kama baba. Alichukua Sh 300,000, rejesho Sh 65,000 kila wiki kwa wiki sita, dhamana ikiwa televisheni na jiko la gesi. Alilipa kodi ya miezi mitatu, akanunua vitanda viwili vya watoto kwa Sh 120,000, na kilichobaki kikaishia kwenye nguo.

Hesabu yake ni fupi. Kwa wiki, kaya iliingiza kama Sh 93,000 ukijumlisha mshahara wa mama na kinachobaki cha bodaboda. Ukitoa rejesho, zinabaki Sh 28,000 za kulisha watu wanne kwa siku saba, mmoja wao akiwa amebeba watoto wawili. Mama akaanza kwenda kazini bila kunywa chai. Wiki ya 23 muuguzi wa kliniki aliona uzito haujapanda na kiwango cha damu kimeshuka hadi 9.4, akamuuliza anakula nini, mama akanyamaza. Muuguzi akamshika mkono hadi ofisini kwetu.

## Kikao cha kwanza

Walikuja wote wawili kesho yake. Tulichukua daftari la kaunta na badala ya kuorodhesha vitu vya kununua, tuliorodhesha wiki. Pembeni ya kila wiki tuliandika nini kitadaiwa. Chakula na dawa za kuongeza damu ni sasa hivi. Vifaa vya kujifungulia ni kabla ya wiki ya 32, kwa sababu mapacha hawasubiri wiki ya 40. Nauli ya dharura inaweza kudaiwa usiku wowote. Kukaa wodini kunaweza kuchukua wiki kadhaa kama watoto watazaliwa wadogo. Vitanda, ambavyo vilikuwa vimeshanunuliwa, vilikuwa vya mwisho kabisa kwenye orodha.

Kisha tukapanga vyanzo kwa mpangilio ninaoushikilia hadi leo: kwanza kile ambacho tayari ni haki yao kisheria, pili kile ambacho serikali hutoa bila malipo, tatu watu wao, mwisho mkopo. Familia nyingi huanza na mkopo kwa sababu ndio mlango pekee ulio wazi siku hiyo hiyo. Milango mingine hudai karatasi, muhuri na kusubiri, na mtu mwenye hofu hana subira.

Baadhi ya milango tuliigonga na haikufunguka. Majirani walikuwa wamewaambia "nendeni TASAF mkaandikishwe", lakini Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hauandikishi mtu kwa kufika ofisini. Kaya hutambuliwa na jamii kwenye mikutano, kwa vipindi maalumu, na kipindi hicho hakikuwepo. Fao la uzazi la NSSF linadai michango isiyopungua miezi 36, naye alikuwa na miaka miwili. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri hutolewa kwa vikundi na kwa ajili ya biashara, nayo ni mizuri kwa kazi yake, lakini haikuwekwa kwa ajili ya kulipia wodi. Niliwaambia hayo siku ya kwanza ili baba asipoteze asubuhi zake za kazi akizunguka, kwa maana kila asubuhi aliyopoteza ilikuwa na hesabu ya tajiri juu yake.

## Kuuondoa mkopo kwenye sahani

Kukopa ili kulipa mkopo ni jambo ninalolikataza karibu kila siku. Hapa tulilifanya, na sababu zake zieleweke.

Kwenye kausha damu yalibaki marejesho manne, yaani Sh 260,000, na kila kuchelewa kulikuwa na faini. Vitanda viliuzwa kwa jirani kwa Sh 80,000, kwa hasara ya Sh 40,000. Mama aliomba kikoba Sh 150,000. Kikao kilikuwa kigumu kidogo, kwa sababu baadhi ya wenzake walihofia mtu anayekaribia kujifungua mapacha atarudishaje. Mweka hazina, mama mtu mzima aliyewahi kulea mapacha wa binti yake, akasema, "Huyu tukimkatalia leo, mwezi ujao tutamchangia rambirambi." Wakakubali, kwa miezi minne na riba ndogo ya kikundi. Baba akaongeza Sh 30,000 na mkopo wote ukalipwa siku moja. Mkopeshaji hakupunguza hata shilingi.

Kwa jumla walilipa zaidi kidogo kuliko ambavyo wangelipa kwa kuvumilia wiki nne. Walichonunua kwa tofauti hiyo ni chakula cha wiki nne za mimba ambazo zisingerudi. Sh 65,000 za kila wiki zikageuka kuwa kama Sh 40,000 za kila mwezi, na dagaa, maharage, mayai na mchicha vikarudi mezani. Wiki ya 28 damu ilikuwa 10.6.

## Barua ya kazini

Hapa ndipo fedha nyingi zilipokuwa, na nusura zipotee zote.

Tumbo lilipoanza kuonekana, msimamizi wake alimwambia kwa upole kabisa, "Dada, kazi ya kuinama na ndoo hutaiweza. Kaa nyumbani, ukishajifungua utarudi tutakupokea." Mama aliona ni huruma. Lakini akikaa nyumbani bila barua, anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Anatakiwa kumjulisha mwajiri miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, na kuambatanisha cheti cha daktari. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake. Hata mama, ambaye mkataba wake ulikuwa mikononi mwake, hakuwa amewahi kusikia habari ya siku 100.

Wiki ya 24 barua iliandikwa, ukurasa mmoja, ikitaja tarehe ya makadirio, mimba ya mapacha, na ombi la kubadilishiwa kazi za kubeba maji. Ziliandikwa nakala mbili. Tulimweleza mama asitoke pale mapokezi mpaka nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani alimwambia aache tu, mkuu akirudi ataona. Mama akasema, "Sawa mdogo wangu, nitamsubiri," akakaa kwenye benchi na tumbo lake. Muhuri ukagongwa kabla ya saa sita.

Wiki ya 32 presha ilianza kupanda na daktari akamwandikia mapumziko. Swali likawa likizo ianze lini. Akianza ya uzazi sasa, siku zingeliwa kabla watoto hawajazaliwa. Lakini presha ni ugonjwa, na sheria ina likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 kwenye mzunguko mmoja wa likizo, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Cheti cha daktari kikapelekwa kama likizo ya ugonjwa, na siku 100 zikabaki nzima. Hatua hii wengi hawaifikirii, wakati kwa mimba ya mapacha kulazimika kupumzika mapema ni jambo la kawaida.

## Usiku wa dharura na siku za wodini

Wiki ya 35, saa nane usiku, kichwa kilimuuma akaona giza. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye mlango wa kabati. Mhudumu aliyepokea simu aliuliza maswali machache, akatuma gari la dereva wa kijamii kwa kuwa gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Familia haikulipa chochote, maana dereva hulipwa na mfumo kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa.

Alifanyiwa upasuaji alfajiri. Wodi nzima ikawaita Kulwa na Doto kama ilivyo desturi huku kwetu: Kulwa kilo 2.1, Doto kilo 1.7. Iliombwa damu, na vijana wa kijiwe cha baba wakaja wanne wakiwa na jaketi zao za kazi, wakachangia.

Tulikuwa tumeshapata barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha hali ya kaya, ili ustawi wa hospitali upitishe msamaha. Huduma za uzazi na za watoto wa chini ya miaka mitano zinatakiwa kuwa bila malipo kwenye vituo vya serikali kwa mujibu wa Sera ya Afya ya 2007, ila dawa zikikosekana stoo mgonjwa huandikiwa akanunue nje, na hapo ndipo fedha zinapotoka. Barua hiyo ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Kabla haijafika, baba alikuwa ameshatoa Sh 85,000 za dawa na vipimo. Ilipofika, zilizofuata zikasamehewa. Zile za mwanzo hazikurudi.

Walikaa wodi ya kangaruu siku 13, watoto wakifungwa kifuani kwa zamu, mmoja kwa mama na mwingine kwa bibi yao aliyetoka kijijini. Baba naye alifunga Doto kifuani saa za jioni, jambo lililowashangaza wageni wa wodi kwa siku mbili tu, kisha likazoeleka. Mkwe mmoja alileta kopo la maziwa ya unga kwa nia njema. Muuguzi hakulikataa mbele yake, ila alikaa na mama, akamwonyesha jinsi ya kuwapakata wote wawili kwa pamoja, miguu ikielekea nyuma chini ya kwapa. Kwa mapacha wa miezi mitatu kopo la gramu 400 halifiki siku tatu. Watoto walipokubali kunyonya, kaya iliepuka gharama ambayo hakuna mshahara wa mle ndani ungeibeba.

Bodaboda nayo haikulala. Mwenzake baba wa kijiweni aliiendesha kama deiwaka, yaani kibarua wa siku, akawa anapeleka hesabu kwa tajiri na kugawana na baba kilichobaki.

## Matokeo

Kampuni iliandika kwanza siku 84. Mama alipopeleka tangazo la kizazi lenye watoto wawili, wakarekebisha kuwa 100 bila ubishi. Kwa mshahara wake hizo ni kama Sh 600,000, na zile wiki tatu za ugonjwa ni kama Sh 126,000. Kijiwe kilichanga Sh 150,000. Kundi la ukoo la WhatsApp liliahidi Sh 400,000, zikaja Sh 110,000. Jumuiya ilileta unga, sabuni na ndoo mbili, na mama mmoja mwenye mapacha waliokwisha kutembea alileta mfuko wa nguo zinazofanana mbili mbili.

Miezi sita baadaye watoto wote wawili walikuwa kwenye mstari mzuri wa kadi zao za ukuaji. Kikoba kilidai Sh 40,000, kwa sababu rejesho moja liliahirishwa kwa ridhaa ya kikundi. Mama alirudi kazini na akapewa saa mbili kwa siku za kunyonyesha ambazo sheria inazitaja, akichelewa kuingia kwa muda wa saa moja na kutoka mapema kwa muda wa saa moja. Mkataba wake ulipoisha ulihuishwa kwa miezi mitatu badala ya mwaka. Sababu haikuandikwa, na mama aliamua kutolipeleka suala hilo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Niliheshimu uamuzi wake, japo ningependa iwe vinginevyo.

## Uchambuzi

Hakuna posho ya mapacha nchini kwetu. Mtu anayeitafuta kwa jina hilo atazunguka hadi achoke. Ukipitia daftari la kaya hii utaona kwamba fedha nyingi zaidi hazikutoka kwa mfadhili yeyote. Zilikuwa mshahara wake mwenyewe ambao angeupoteza kwa kufuata ushauri wa msimamizi. Zinazofuata kwa uzito ni gharama ambazo hazikutokea kabisa: gari la usiku, maziwa ya kopo, bili zilizosamehewa. Michango ya watu, ambayo ndiyo familia huitegemea zaidi kichwani, ilikuja ya tatu. Kwa hiyo afisa anayempokea mama wa namna hii aulize kwanza, "Umeajiriwa? Mkataba uko wapi?" kabla ya kuuliza nani wa kumchangia. Hata dada wa kazi za ndani na mhudumu wa mgahawa waulizwe.

Kupanga mahitaji kwa wiki kulisaidia kuliko nilivyotarajia. Vitanda viliuzwa bila ugomvi kwa sababu baba alijionea mwenyewe kwenye ukurasa kwamba vipo chini kabisa. Angeambiwa kwa mdomo tu, angeona anadharauliwa.

Kilichofeli kwanza ni ule mwezi na zaidi kati ya mkunga kushuku na kipimo kufanyika. Sh 25,000 zilichelewesha kila kitu kilichofuata, na zingeweza kutafutwa. Mkunga angetuletea mama siku ile ile ya kushuku, tungekuwa na kisa kisicho na kausha damu ndani yake. Sasa kliniki tunayofanya nayo kazi inafanya hivyo.

Barua ya mtendaji ilipatikana kwa safari tatu, mara fomu imeisha, mara mwenye muhuri hayupo. Kisha haikuwa mahali ilipohitajika. Siku hizi tunashauri ikunjwe na kuwekwa ndani ya jalada la kadi ya kliniki, kwa sababu kadi hiyo ndiyo karatasi pekee ambayo mama mjamzito hasahau hata usiku wa manane. Vile vile vifaa: begi la mapacha linahitaji vibana kitovu viwili, glavu na kanga za ziada, na mama huyu alikuwa na vya mtoto mmoja kwa sababu aliyemwandikia orodha alitumia ile ya kila siku.

Ahadi za ukoo zisiandikwe kwenye bajeti. Tuliandika Sh 400,000 kwa penseli, na bado baba alikuwa ameshaanza kuzitumia kichwani. Afadhali kuomba ndugu kitu kimoja chenye jina: nauli ya bibi kutoka kijijini, au gunia la mkaa. Shangazi aliyeshindwa kutuma Sh 50,000 alituma mkaa wiki hiyo hiyo alipoombwa mkaa.

Eneo ambalo hatukuligusa kabisa ni mwezi wa nne. Mpango wetu ulikuwa na nguvu hadi siku ya mwisho ya likizo, kisha ukakatika. Nani angekaa na watoto wawili wachanga mama akirudi kazini? Bibi alibaki, lakini shamba lake lililala msimu mzima, na hasara hiyo haimo kwenye daftari letu. Kuanzia kisa hiki, mapacha wakifikisha wiki ya sita tunamwita mama na yeyote atakayebaki na watoto, tunafungua ukurasa mpya, na tunaanza na kazi ya huyo mlezi: nini anaacha ili aje, na kaya itamfidia kwa lipi.